Kopo Lako la Shanga, Mama

Mama,

Kopo lako la shanga halitoki nyumba hii. Alisema hivyo Kaka Rajabu jana baada ya alasiri, akiwa amekaa kwenye kiti chako cha kamba pale barazani, mbele yangu na Baba Mdogo. Zaituni alikuwa amesimama. Alieleza kwamba wewe mwenyewe ulimwachia. Rajabu akamuuliza nani alisikia. Akajibu, "Tulikuwa wawili tu, kaka." Rajabu akasema basi, hakuna usia bila shahidi. Baba Mdogo akaongeza kwamba angepatikana hata mtu mmoja wa humu ndani aliyesikia, yeye angeridhika, maana hili ni kopo, siyo shamba la Mungaa.

Mimi nilinyamaza.

Leo ni siku ya thelathini na mbili tangu tukuzike. Gazeti limenipa ruhusa hadi arobaini. Ni lile la binafsi, uliloliita gazeti la watu wasio na bosi. Bosi yupo, Mama, ila ni mwingine. Hapa Utemini bangili za plastiki kutoka Dubai sasa zinamwagwa kwenye turubai hadi karibu na mlango wetu. Wewe ulisema hizo ni za kuogea. Hata hivyo wanawake bado wanapiga hodi kuulizia za kwako, za waya na cheni. Zaituni huwaambia wasubiri. Hana plaizi nyingine, hana kibao kingine cha misumari cha kukunjia waya. Kazi yake yote imo ndani ya kopo hilo, na kopo liko chini ya kitanda changu.

Nina wivu naye. Nimeandika habari za mahakamani miaka mingi, najua jambo linapaswa kuitwa kwa jina lake. Alikuja kama jirani kuazima ungo, akabaki miaka sita akijifunza kazi yako. Alikuwepo wakati shanga hazipatikani, mkifumua za zamani na kuzichemsha zitoke uchafu. Alikwenda nawe Mungaa kuomba waya wa mota iliyoungua kwenye mashine ya kusaga. Wazazi wake ni watu wa Tabora, lakini ulipougombeza waya kwa Kinyaturu, yeye ndiye aliyekujibu. Mimi ulinisemesha Kiswahili cha shule ili nifaulu. Nikafaulu. Nilipokuja likizo niliwakuta mnacheka, nikauliza kuna nini, ukanitafsiria nusu. Na anakuita Mama. Haongezi "Rajabu", haongezi kitu.

Niliwahi kukuomba unifundishe. Ulisema, "Wewe una kalamu. Mwachie mwenzio waya." Ukaendelea kukunja.

Leo asubuhi, baada ya chai, nililitoa kopo nikaamua kutengeneza moja. Nilipima kifundo changu cha mkono kwa rula ya kazini: sentimita kumi na sita kamili. Nikakata waya, nikaacha kidogo cha kukunjia ncha, nikatunga zile shanga za bluu nzito. Ilipofika wakati wa kuifunga mkononi, ncha hazikukutana. Pengo lilikuwa la upana wa kidole. Nilivuta hadi waya ukanichoma. Kilikuwa kipande cha mwisho cha ule waya wa Mungaa.

Zaituni alinikuta hivyo. Alikuwa amekuja kurudisha bangili tatu alizozimalizia kwao wakati unaumwa. Aliziweka kwenye mkeka akasema, "Hizi ni za humu ndani, dada." Hakuna aliyejua anazo. Kisha akatazama mkono wangu, akashindwa kujizuia.

"Umepima mkono, hukupima shanga. Shanga zinakula urefu. Halafu umepima asubuhi. Mama angekurudisha ukafue kwanza, mkono uvimbe kidogo, ndipo akupime."

Akaivua. Akakata pingili tano za cheni, akazishikiza kwenye zile ncha mbili kwa plaizi yako, akaingiza ncha ndani zisiguse ngozi. Alisema ulimfundisha kwamba waya hauzungushwi mkono mzima. Unaachiwa nafasi nyuma, cheni ndiyo inapumua. Hata dakika kumi hazikupita, akamaliza. Akairudisha plaizi ndani ya kopo, akafunika, akalisukuma upande wangu. Hakuomba kitu. Nilitamani aombe, nipate cha kukataa.

Sasa nikuambie unachokijua.

Siku tatu kabla hujafa, saa tatu kasoro asubuhi, nilikuwa koridoni na kikombe chako cha uji. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nilikusikia ukisema, "Kopo chukua wewe, Zaituni. Plaizi na kibao pia. Huyu wangu atalifungia kabatini." Zaituni akacheka. Wewe ukacheka hadi ukakohoa. Nilisimama pale mpaka uji ukafanya utando juu, ndipo nikaingia. Nikasema umepoa, ngoja nikupashie.

Kwa hiyo jana, Rajabu alipouliza nani alisikia, shahidi alikuwa amekaa mkono wake wa kulia. Nimewahi kuwaandika watu waliokaa kimya namna hiyo, tena bila kuwahurumia.

Kilichonichoma siyo kopo. Ni kwamba hukukosea. Kabatini ndiko lilikokuwa linakwenda.

Wivu haujaisha, na siahidi kwamba utaisha. Nitakapomwona amekaa na kibao magotini, akikunja kama wewe, najua nitaangalia pembeni. Lakini nimemwambia Rajabu amwite Zaituni na Baba Mdogo. Akauliza kuna nini tena. Nikamwambia kuna habari haikukamilika.

Nitaanza kusema mimi. Nitataja siku, saa, mahali niliposimama, na maneno yako yote, hata yale ya kabati. Rajabu ataniuliza kwa nini jana nilinyamaza, na nitamjibu kwa neno moja lile lile nililokuandikia hapa. Kisha kopo litaondoka mbele ya macho yao. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama. Sisi wanne tunakutana barazani Ijumaa, saa nane mchana, watu wakishatoka msikitini.

Mwanao,
Mwanaidi