Kopo la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Leo cherehani imenikimbia. Kweli! Nilikuwa napiga mshono wa ubavuni, gauni la yule mama wa benki, mara mashine ikashika mbio, kitambaa kikajikunja chote chini ya sindano, na mimi nashangaa ni nani anayeikanyaga. Kumbe ni mguu wangu! Umekaa juu ya pedeli, umekanyaga mpaka chini, na mimi sina habari. Nikavua kiatu nikautazama kama mguu wa mgeni.

Wifi, dada wa mume wangu ninayeshona naye, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eti nimeanza kuzeeka kutokea chini. Halafu akaacha kucheka, akauliza ganzi hii ina muda gani. Nikamwambia ya miguu ina siku nyingi, kama nimevaa soksi na sijavaa. Sasa imeingia na ncha za vidole vya mikono.

Akasema hiyo ni mishipa ina njaa. Dawa ni kuongeza zile vitamini zake — kopo lile lile alilonianzishia mwaka jana nilipokuwa nachoka ovyo. Kidonge kimoja asubuhi, na jioni kingine. Basi nimeongeza. Vitamini si dawa kali, ni kama chakula tu. Chakula kimemdhuru nani?

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa kutunga uzi sindanoni. Mimi! Tundu naliona, uzi nauona, vidole ndivyo havijui vimeshika nini. Wifi akaninyang'anya, akatunga, akanirudishia. Akasema kwa fundi mshono ukilegea unapigwa mara mbili. "Na wewe wifi yangu umelegea, acha nikupige mara mbili." Viwili asubuhi, viwili jioni. Tumecheka sana.

Mume wangu naye karudi na unga wa kukoroga na maji. Rangi ya chungwa, povu tele. Mwenye duka kamwambia unajenga mishipa. Nakunywa gilasi kabla ya chai. Jamani, ninavyodekezwa katika nyumba hii!

Jumamosi, 29 Machi

Siamini.

Nilikuwa kwenye gauni la bibi harusi. Satini nyeupe, shanga kifua kizima, zote kwa mkono. Nikasikia wifi anapiga yowe — damu! damu! Nikatazama mlangoni. Nikatazama barabarani. Nikadhani kuna mtu kagongwa na pikipiki.

Ni mimi. Sindano imeingia kidole cha shahada, imetokea upande wa pili, na mimi naendelea kuvuta uzi. Nimekishona kidole changu na gauni!

Sikusikia kitu. Hata chembe. Hilo ndilo linalonitisha, si damu. Damu tumeitoa kwa maji baridi na sabuni, alama iliyobaki tutaiziba kwa shanga. Bibi harusi alipokuja kujaribu alijitazama kwenye kioo akashika mdomo kwa furaha. Akataka kunipa mkono. Nikajifanya natafuta chaki.

Mimi kazi nyingine siijui. Vidole vikiondoka nabaki na nini?

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu amesema kesho hospitali na hataki mjadala. Nimekunywa gilasi mbili za unga leo. Bado ganzi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepigwa na butwaa. Sina neno jingine.

Vipimo vimerudi. Sukari hakuna. Nilishajiandaa kwa sukari, hata kilio nilishakipanga! Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, akaniwekea chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akauliza kama nasikia. Nisikie nini? Akasema kinatetemeka. Nilidhani ananitania. Akaniambia nisimame, nifumbe macho. Nikaenda chini kama gogo, mume wangu akanidaka.

Akauliza natumia dawa gani. Nikajibu hakuna, mimi na dawa hatupatani. Mume wangu akasema labda zile vitamini tu. Yule mama akaweka kalamu chini. Vitamini gani?

Kopo lilikuwa mkobani, na unga pia. Akavigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo sisi wote watatu hatukuwahi kuyasoma. Akavua miwani. Vitamini B6 humu, B6 humu. Kwa siku nilikuwa nameza kiasi kinachozidi mara nyingi kile mwili unachohitaji. Kidogo inailisha mishipa, akasema. Ikizidi, na ikaendelea miezi, inaijeruhi. Huanzia miguuni, ikaja mikononi.

Nikamwambia, lakini ganzi ndiyo iliyonifanya niongeze! Akasema anajua. Mimi si wa kwanza kumwambia hivyo.

Yaani! Nilikuwa naviua vidole vyangu kwa mkono wangu, tena nikishushia maji, tena nikisema asante!

Akasema niache vyote leo. Je, vidole vitarudi? Wengi hupata nafuu, polepole, lakini hakuahidi vyote. Tena akanionya nisishtuke: baada ya kuacha, hali inaweza kuzidi kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia.

Tulipofika nyumbani mume wangu akamwaga unga wote kwenye sinki, akabaki ameshika mfuko mtupu. Akasema ni yeye aliyeniletea. Nilimkumbatia. Nimelia leo, sikulia hospitali.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia wifi. Niliogopa atalia. Amekasirika.

Anasema kitu kinachouzwa waziwazi, bila cheti cha daktari, hakiwezi kuwa kibaya. Anasema yeye mwenyewe anameza kimoja kila siku na yuko ngangari. Halafu akanitolea macho: "Mimi nikupe sumu, wifi? Mimi?"

Sikutaja sumu. Neno hilo kalitoa yeye. Mchana kutwa akapiga mishono bila kunitazama. Na huyu ndiye aliyenifundisha kazi nilipoolewa, nikiwa sijui hata kushika mkasi. Inaniuma kuliko kidole — kidole chenyewe hakiumi.

Jumanne, 22 Aprili

Inazidi. Vifungo vya blauzi sivipati, mume wangu ndiye ananifunga. Kijiko kimenitoka mara mbili mezani.

Daktari alisema. Najua alisema. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na kuviona vidole vyako vinakuhama ni kingine kabisa. Nimeogopa leo, nimeogopa sana.

Jumatatu, 28 Aprili

Harusi ni Jumamosi. Shanga za bega la kushoto bado.

Asubuhi kisahani kizima cha shanga kimenitoka, zikatawanyika hadi chini ya kabati. Wifi akapiga magoti kuokota. Mimi nimekaa tu, kwa sababu siwezi kuokota shanga. Akiwa huko chini, bila kuinua uso, akasema: "Ulipokuwa unameza, ulikuwa unashona. Umeacha, hushoni. Hebu nijibu."

Nikamjibu alivyosema daktari, kwamba huzidi kwanza. Akacheka bila furaha. Akasema hata sisi tukiharibu gauni tunamwambia mteja litakaa sawa likipigwa pasi.

Mungu nisamehe, hata mimi nimeanza kujiuliza.

Akatoka. Akarudi na gilasi ya maji na kopo jipya, kifuniko kimeshafunguliwa. Akamimina vidonge kiganjani mwangu, akanifumba vidole kwa mkono wake. Na analia! Miaka yote hii sijawahi kumwona analia. Akasema anajua watu watasema ni yeye aliyeniharibu mikono. Akasema nimeze siku mbili tu, kwa ajili yake, na nikizidi kuwa mbaya atakwenda mwenyewe kwa yule daktari kupiga magoti.

Sasa yuko kwenye pasi, amenipa mgongo. Shati lile lile analirudia tangu nianze kuandika. Anasubiri asikie gilasi ikiinuliwa.

Naandika kwa mkono wa kulia, kalamu naibana kwa kuitazama. Wa kushoto nimeufumba magotini. Vidonge vimo ndani — nadhani vimo. Sivisikii. Itabidi niufumbue nitazame.