Kondoo Wanono wa Chilangala

Kambini Masasi, siku ya Jumatatu

Kwa dada yangu Mwanakombo, mama yangu wa pili, Lindi.

Shikamoo, dada. Salamu zangu zikukute umekaa barazani pako, mzima, na lile goti lako limekuonea huruma. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haukai, lakini huo unaujua tangu utoto, ulikuwa ukisema nimezaliwa bila makalio ya kukalia.

Anayekupa barua hii ni Baba Zena mwenyewe. Najua umeshachungulia nyuma yake kunitafuta. Usinitafute, dada, sipo. Mkaribishe, mpe maji, mpe na uji wa moto kwa sababu kifua kimembana tangu masika, kisha ndipo usome. Na tafadhali usimwulize neno mbele ya watu. Akiweza atakusimulia, asipoweza, yote nimeyaandika humu.

Zena hajambo? Meno ya mbele yameota? Bado analala na kanga yangu, au ameizoea yako? Nijibu hayo hata kama hakuna wa kuniletea majibu.

Unakumbuka nilikuahidi nitashuka Lindi kabla ya Maulidi, na kondoo wanono wa kuwauzia wenye shughuli, nije nimchukue mwanangu. Ahadi ile haikuwa porojo. Vita hii ya maji ilipopita huku bondeni, Wayao wa Chiwata walirudi wakakuta maghala yao majivu. Mtu asiyekuwa na cha kula hawezi kulisha kondoo. Baba Zena akanunua kwao, kwa bei ya huruma, watoto wa kondoo walioachishwa ziwa juzijuzi, mbavu unazihesabu ukiwa mbali, mkia umenywea kama mfuko mtupu. Tukawapandisha kule juu Chilangala kwa Bi Nantembo, mjane wa Kimakonde, akatupa pembe ya uwanja wake na shamba la kunde alilokwisha kulivuna. Yeye alitaka samadi, sisi tulitaka majani. Tukaelewana.

Kule juu, dada, hakuna kisima wala kijito. Maji yako chini ya mteremko, wanawake wanashuka alfajiri na kurudi jua likiwa kali, mtungi kichwani. Sasa kondoo utamnywesha nini? Ndiyo faida ya kunde na matembele, mnyama anakula na kunywa papo hapo. Ila yana hila yake, na wewe unaijua kwa sababu marehemu baba alitupigia kelele zile zile sote wawili kwenye zizi lake la machinjo. Kondoo aliyetoka kwenye njaa hapewi kijani kwa pupa. Asubuhi mabua makavu kwanza, tumbo lipate kazi. Umande ukikauka, muingize kwenye kunde kidogo tu, mtoe hata akilia. Kesho mzidishie kidogo. Jioni matembele na majivu ya chumvi. Ukiharakisha, tumbo linafura anakufa nawe umesimama unamtazama.

Basi nilikuwa nafanya hivyo, na nilikuwa naumwa na ule mwendo wa polepole. Wewe unanijua mimi, chungu kikichelewa kuchemka napiga teke kuni. Kila siku nawashika mkia kwenye shina kuona kama umeanza kujaa, hata Bi Nantembo akanicheka, akasema, "Mama Zena, mikia hiyo utaing'oa."

Mambo yakiwa hivyo, Baba Zena akashuka Masasi kutafuta chumvi. Hakurudi. Siku ya pili jumbe wetu akaja na habari kwamba askari wa serikali walizingira soko, wakawakamata wanaume wote waliosimama, wawe wapagazi wa jeshi linalokwenda magharibi kufuata wapiganaji waliobaki. Watafungiwa uani mpaka mwezi uandame, halafu safari. Dada, mwanamume yule akipanda mteremko wetu na kikapu cha mihogo anasimama mara tatu kutafuta pumzi. Wapagazi waliokwenda mara ya kwanza tumewaona waliorudi, na wengi hatukuwaona.

Jumbe akaniambia jambo jingine. Bwana mkubwa wa jeshi anataka nyama inayotembea yenyewe, wanyama wanono, si mifupa. Atakayeleta kumi, mtu wake atatolewa uani. Nikamwuliza, "Wanono kiasi gani?" Akasema, "Mama Zena, mimi jumbe, si mchinjaji."

Hapo ndipo nilipoonja moto. Mwezi hausubiri, na tumbo la kondoo halijui vita. Nikizidisha kijani wanakufa, nikichelewesha mume wangu anabeba mzigo. Nilikuwa nazunguka shamba lile mpaka nikalichonga njia. Naingia, nawatazama, natoka, narudi. Chakula sikioni. Bi Nantembo ananiita tule, nachovya tonge moja nainuka.

Yule mama ana moyo, na moyo wake ulitaka kunimaliza. Asubuhi moja niliposhuka kuchota maji, yeye kwa huruma akakata majani ya kunde na umande wake, mzigo mzima, akawamwagia. Narudi nakuta mmoja amelala upande, tumbo limevimba kama ngoma, mwingine anatweta. Yule wa kwanza tulimwahi kwa kisu tu, asife kibudu. Wa pili nilimmiminia mafuta ya ufuta kooni, kisha Bi Nantembo akamshika mbele mimi nyuma, tukamtembeza uwanja mzima mpaka akacheua. Mwisho Bi Nantembo akasema, "Nilitaka mumeo arudi upesi." Ningemgombeza vipi? Na mimi nilikuwa nataka hivyo hivyo. Tangu siku hiyo alikuwa akiniletea mabua makavu bila kuambiwa.

Dada, walinenepa. Sijui nimshukuru nani, lakini siku za mwisho mikia ilikuwa imejaa inayumba wakitembea, migongo ukiweka kiganja hakipati mfupa. Isipokuwa mmoja, jike dogo, yeye alikula kama wenzake na hakuonyesha. Tukampa jina Kigongo. Niliwashusha wote kumi na mmoja bondeni nikiwa peke yangu, nawaita kwa ule mlio wa ulimi aliotufundisha baba, nao nyuma yangu mpaka Masasi. Masasi bado inanuka moshi, nyumba zimebaki kuta.

Kambini akatoka shaushi, yule mkubwa wa askari, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Akamshika wa kwanza mkia, akamshika wa pili, akacheka peke yake. Alipofika kwa Kigongo akasema, "Huyu mpelekee fisi." Halafu akaniuliza, "Nani kawanenepesha hawa?"

Sasa nisikilize, dada, na unihukumu wewe uliyenilea. Ungejibuje? Tulifundwa wote chumba kimoja. Kazi ya mke hutajwa kwa jina la mume, shamba nililolima mimi ni shamba la Baba Zena, na nyumba niliyokandika ni ya Baba Zena. Tena nikafikiri nikimpamba mbele yao watamwachia kwa heshima. Nikasema, "Mume wangu, bwana. Yumo humo uani kwenu."

Shaushi akaingia ndani kwa bwana mkubwa, akatoka ameridhika. Akasema, "Vizuri sana. Mumeo hatabeba mzigo. Atakwenda na kondoo wake, awalishe njiani wasikonde mpaka wachinjwe. Fundi kama huyu haachwi nyuma."

Nilimweleza ahadi ya jumbe. Akasema jumbe hana jeshi. Baba Zena akatolewa uani, macho yameingia ndani, anakohoa. Aliposikia kwamba yeye ndiye fundi wa kondoo akanitazama, akafahamu mara moja nilichofanya. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Nikauliza huko njiani watalishwa nini. Shaushi akasema malisho si shida, mashamba ya kunde yako tele hayana wenyewe. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nikawaza wenyewe wako wapi, na wanawake waliozipanda wanakula nini sasa hivi.

Asubuhi wakamwambia Baba Zena awatoe kondoo malishoni. Dada, mume wangu ni mtu wa mizani na maneno matamu, kondoo hawamjui. Akipiga hatua kulia wanakwenda kushoto. Akaita, sauti ikakatwa na kikohozi, wakatawanyika kati ya mahema, mmoja akaingia jikoni kwa wake wa askari, vyungu vikapinduka. Watu wanacheka, yeye ameinama ameshika magoti anatafuta pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua na Kigongo. Sikufikiri. Nikapiga mlio wa ulimi mara moja. Wakaja wote, wakanizunguka miguuni, wananinusa vidole kutafuta chumvi.

Shaushi akanijia polepole. "Mama, wewe muongo."

Nikamwambia, "Ndiyo, bwana. Kwetu mke hasemi kazi yake."

"Na sasa?"

"Sasa nasema. Niliwanenepesha mimi. Huyu ni mgonjwa wa pumu, mwenyewe umemsikia, atakufia kabla hujamaliza kondoo wa tatu. Mwachie. Nitakwenda mimi."

Wake wa askari, ambao huenda na jeshi kila liendako, mmoja wao akasema kutoka jikoni, "Shaushi, mchukue huyo, angalau vyungu vyetu vitapona." Wakacheka tena. Kwa kicheko hicho shaushi akakubali, mambo yakaisha. Baba Zena alikataa, akasema watu watasemaje, mwanamume arudi nyumbani mke aende vitani. Nikamwambia waseme, wakichoka watalala. Akataka kujibu, kifua kikamzuia. Alilia, dada. Sijapata kumwona akilia, na wewe usimwambie kwamba nimekuambia.

Kesho alfajiri tunaondoka. Nitatembea na wale wake wa askari, nyuma ya kondoo. Shaushi ameniambia kazi yangu itakwisha atakapochinjwa wa mwisho, hapo nitaruhusiwa kurudi na wagonjwa wanaorudishwa. Kwa hiyo nimewalea kwa mkono wangu wanenepe, na sasa naomba waliwe upesi. Naogopa, sikufichi. Na jambo jingine nakwambia wewe tu, kwa kuwa nimezoea kukwambia mabaya yangu. Pamoja na hofu yote hii, miguu inaniwasha. Sijui ni miguu ya aina gani hii Mungu aliyonipa.

Ila nikimkumbuka Zena inakufa ganzi.

Nisalimie shangazi yetu wa Mtanda, mwambie shuka lake la harusi nimelitunza, liko kwa Bi Nantembo. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mwambie mwandiko wangu mbaya ni kwa sababu ya kuandikia goti, si kwa kusahau. Mama mkwe wangu mpe pole, mwambie mwanawe nimemrudisha alivyokuwa. Shemeji, mumeo, mpe shikamoo yangu na asinichekee sana. Siku ya Maulidi nisomeeni na mimi, mkifika kwenye kusimama msimame na kwa niaba yangu.

Zena mwambie mama anachunga. Ni kweli, hatutakuwa tumemdanganya. Baba yake amemletea Kigongo, ndiye aliyebaki. Amlaze karibu na jiko. Asubuhi ampe makavu kwanza, kijani baadaye, kidogo kidogo, hata akilia. Asimharakishe. Na akinenepa kabla sijarudi, dada, hata kama ni sikukuu, hata kama kuna wageni, asichinjwe. Mwacheni azae.

Mimi mdogo wako asiyekaa,
Somoe binti Hemedi