Leo Mwalimu Sefu Amekuna Nazi

Jumanne, baada ya isha

Nimemkalisha Mwalimu Sefu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mbele ya wanawake, na sijutii.

Tulipoanzisha darasa la wastaafu, kila mtu afundishe bure anachokijua, yeye mkuu wa shule mstaafu alisimama akaninyooshea kidole, akauliza, "Huyu wa darasa la nne atafundisha nini, kuosha masufuria?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, mtu niliyepika melini mpaka Karachi na Durban, lakini neno lile nililimeza na mwiba wake.

Tulianza wanne barazani kwangu. Sasa wanakuja hata watu wa kijiji cha Moa, na darasa langu la mapishi limejaa hadi ngazini. Lake la historia lina yeye na ubao.

Leo akaja. "Mpishi, naweza kujiunga?"

"Hapa naitwa Mwalimu. Anza upya."

Akaanza upya. Nikampa mbuzi na nazi. Bi Zuhura, mmoja wa wanafunzi wangu, akamwambia, "Taratibu, Mwalimu, hiyo nazi haina mtihani." Jasho likamtoka, na mimi nikashiba.

Kisha akaninong'oneza kwamba tangu mkewe afariki anakula chai na mkate tu. Anataka kujua mchuzi wa samaki, kama wa marehemu.

Hasira ikataka kunitoroka. Nikaikamata, nikampa nazi ya pili.

Mchuzi wote tuliopika kaondoka nao yeye. Ila sufuria ni langu, nimemwambia alirudishe kesho, ameliosha kwa mkono wake. Nitalikagua mbele ya watu.