Vijiti Kumi na Kimoja

Jumanne, 3 Agosti 1837
Nimefanya ujinga.
Asubuhi nilikagua vijiti vya mpakani — vimepindwa, ncha zote mbili ardhini, toka kituo chetu hadi kinachofuata. Avukaye na farasi lazima avivunje. Leo kumi na kimoja vimevunjika! Nyayo za farasi wasio na viatu. Si wetu. Zimeingia upande wetu. Za kutoka hakuna.
Na zimekauka, ni za juzi. Jana pia ilikuwa zamu yangu. Kozaki mzima, askari wa mpaka, niliogopa kupita lile korongo la mpakani, nikageukia njiani, nikaripoti shwari! Nikisema leo, ni viboko mbele ya kijiji. Nikakata vijiti vipya, nikachomeka. Nyayo nikazifuta kwa tawi.

Jumatano, 4 Agosti
Vijiti vyangu vibichi! Vina majani, katikati ya vikavu. Hata kipofu angeona. Mzee Savvati, mwenzangu wa zamu, akasimamisha farasi. Eti kijana, siku hizi mpaka unachipua? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 6 Agosti
Sikukuu. Matofaa yamebarikiwa kanisani. Sajini Tuzov katangaza mlangoni mwa kanisa: kesho wanawake wakakate nyasi bondeni, walinzi hawahitajiki. Yefim amekagua, mpaka safi.
Yefim ni mimi! Mungu wangu.
Ustinya akanipiga bega, eti leo mume wangu kanipa sifa. Nikamwambia asiende, anaumwa.
— Naumwa wapi, Baba Dunya? Ng'ombe watakula sifa zako msimu wa baridi?
Mwaka juzi mke wa jirani yetu Feoktist alichukuliwa na wavamizi wa ng'ambo ya mpaka, bondeni hukohuko. Hajarudi. Nilitaka kusema. Sikusema. Mimi ni mwoga, basi.

Jumamosi, 7 Agosti
Wameondoka alfajiri, mikokoteni sita. Ustinya na Dunya wamo.
Niko juu ya mnara, naandika nimesimama. Kando yangu mlingoti uliofungwa nyasi kavu. Nikiuwasha, vituo vyote vitapanda farasi. Kisha sajini ataniuliza nimeona nini, nami nitalazimika kusema yote.
Sijaona mtu. Ndege tu — wameruka ghafla kutoka kwenye matete, karibu na wanawake. Wanazunguka. Hawatui.
Mzee Savvati anafoka toka chini: kama umeona kitu, washa! Kama hujaona, kaa chini, unatutia wasiwasi!
Jiwe la kuwashia liko mkononi. Sijakaa. Sijawasha.