Baba Paulo wa Kupandia Mahindi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba banda letu la kuku hapa Maisaka limepata mlango. Bibi yako ameukagua na kuupitisha. Baba yako Paulo hajambo, anakusalimu.

Umeuliza kama mfumo wa kompyuta ulioutengeneza kazini ni wako au wa serikali. Mimi, nikiwa fundi wa karakana ya kilimo, nilibuni bomba la kupandia mahindi bila kuinama. Nikaomba jina langu lichongwe juu yake.

"Baba Paulo," mkuu wangu akauliza, "chuma cha nani?"

"Cha serikali."

"Na saa za kazi?"

"Za serikali."

"Basi jina liache nyumbani."

Niliumia, ingawa alisema kweli. Kwangu nisingepata hata msumari. Msimu uliofuata akaja mama mmoja kutoka Bonga.

"Nimemfuata Baba Paulo."

Mkuu akamwonyesha. "Yule pale, anakunywa chai."

"Huyo bakini naye. Namtaka wa kupandia mahindi."

Mkuu alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe Bonga nzima waliliita bomba lile hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kulitumia. Sikudai kitu tena. Nawashukuru wakulima wale, na serikali kwa chuma chake. Wewe soma mkataba wako, kisha endelea kutengeneza vizuri.

Siku hizi Bonga wanapanda kwa trekta. Nilipostaafu nilipewa bomba moja lililopinda, na ndilo komeo la banda la kuku.

Babu yako