Alama ya Kidole Gumba

Jumamosi, 6 Julai
Zamu kwenye makao ya wazee Beltsville, kisha Columbia kwa Guruji, mwalimu wangu wa dini ya Kihindu, kama kila Jumamosi. Nimevua viatu, nikainama kumgusa miguu kama wanafunzi wote. Kidole gumba kikabonyeza chenyewe. Mazoea ya kazi, kutwa nabonyeza miguu ya wazee kutazama uvimbe. Shimo likabaki kwenye ngozi. Nikasema mbele ya watu: "Guruji, miguu imejaa maji. Uende hospitali."

Jumapili, 7 Julai
Sudha amepiga simu. Ndiye mwanafunzi mkubwa pale. Eti mwanafunzi hamkagui guru wake. Eti Jumamosi niombe msamaha mbele ya wote, la sivyo nisikanyage tena.
Siombi.

Jumatatu, 8 Julai
Hasira tupu. Miaka mitatu namfuata yule Mhindi wa Kisumu, ananifafanulia maandiko yao kwa Kiswahili cha nyumbani. Dada yangu aliposema nainamia sanamu, nilimjibu kwamba naosha miguu ya wazungu kila siku na hajawahi kuniita mpagani. Leo wenye guru wao ndio wananifukuza. Guruji mwenyewe alisema uanafunzi ni kutumikia. Nimetumikia, imekuwa kosa. Basi na liwe kosa.

Jumatano, 10 Julai
Naogopa. Ule uvimbe naujua, ni moyo. Na bila Jumamosi zile, mimi hapa Marekani ni sare ya kazi tu.
Bado siombi.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeenda. Sudha mlangoni, mikono kifuani. Ameuliza kama nimekuja kuomba msamaha. Nimemuuliza kama Guruji ameenda hospitali. Hajaenda. Nimeketi kwenye ngazi za nje muda wote wa darasa, juani. Walipotoka walinipita kama ndoo. Guruji hakutoka. Hilo limeniuma kuliko yote.
Nitarudi.

Ijumaa, 19 Julai
Sudha amepiga tena. Guruji amelazwa tangu jana. Moyo. Sudha mwenyewe amekiri nilisema kweli, kwa sauti ndogo. Sikufurahi hata kidogo.

Jumamosi, 3 Agosti
Guruji amerudi nyumbani, amekonda. Sudha amenifungulia, akanipisha. Nimeinama, nikamgusa kwa ncha za vidole tu, nisije nikakosea tena. Akausogeza mguu mbele.
"Wewe, bonyeza bwana."
Nikabonyeza. Tukangoja wote watatu, tunatazama. Ngozi ikarudi, shimo halikubaki.