Nyumba Isiyo na Vizingiti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umeacha visa vyake, shemeji amepona kikohozi, na wanangu wanasoma bila kukupandisha presha. Sisi huku tu wazima. Mama ndiye mzima kuliko wote, na ndiye aliyenituma nikuandikie. Simu ameikataa. Amesema nikikueleza haya kwa simu utanikatiza kabla sijafika katikati. Kwa hiyo kaa kitako, soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kuninunia, ninunie.

Unajua tulipoachana. Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya ile ajali, na nyonga iliyofungwa chuma, anatembelea fimbo, na siku mguu ukigoma anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Wewe ulishaamua ahamie kwako, wala hukukosea, maana nyumba yake ilikuwa mitego mitupu: ngazi za mbele hazina pa kushika, choo cha kuchuchumaa, bafu linateleza kama limepakwa mafuta, na kila mlango una kizingiti chake cha kumkwaza mtu. Lakini mwenyewe akagoma. Askari wa trafiki aliyesimamisha malori kwa kiganja maisha yake yote hahamishwi kama kabati. Alinijibu hivi: "Mwambie dada yako nampenda, lakini kwake nitakuwa mgeni mpaka nife. Mgeni hata sufuria hajui iko wapi. Wewe si unawachorea watu majumba? Nichoree na mimi langu."

Dada, nimechora benki. Nimechora ofisi za ghorofa ambazo watu wake sitawajua kamwe. Sijawahi kuogopa kazi kama niliyoiogopa hiyo. Nikaomba likizo kazini nikahamia kwa Mama, na mwanzoni sikushika hata kalamu. Nilimfuata tu kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, mpaka akaniuliza kama polisi wamenituma nimpeleleze. Nilikuwa natazama mkono wake unatafuta wapi pa kushika. Kwenye korido nikaona ukuta una weusi, mstari mrefu wa kiganja chake. Kumbe alikuwa anajishikiza ukutani siku zote na sisi hatujui. Hapo hapo kwenye ule weusi ndipo nilipopitisha mkono wa kushikilia.

Hata huo tuliugombania. Mwanzo nilileta vyuma vyeupe vya dukani. Mama alivitazama mara moja akasema hospitali ameshatoka, hataki imfuate nyumbani. Tukaenda kwa seremala, akatuchongea mti wa mviringo, laini, wa kujaa kiganjani, unaoanza kwenye mlango wa chumba chake na kwenda na ukuta mpaka bafuni. Sasa wageni wanadhani ni pambo, na wote wanapita wakiupapasa.

Kichekesho kilikuwa mteremko wa mbele, wa kupandishia kiti cha magurudumu badala ya zile ngazi. Fundi mwashi hakutaka kula uwanja, akausimamisha kama paa. Nilipomwambia ni mkali mno, akasema bibi mwenyewe mwepesi, atasukumwa tu. Nikamjibu kwamba shida ni hiyo hiyo ya kusukumwa. Basi nikakaa mimi kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya mafundi wote na majirani wasiokuwa na shughuli, nikaanza kuupanda. Katikati mikono ikaisha nguvu, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye lundo la mchanga. Mama alikuwa amesimama getini. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyoosha kiganja vile vile kama enzi zake na kumwambia fundi neno moja: "Vunja." Ukavunjwa. Mwingine tukaulaza kando ya ukuta, unapinda kwenye kona, pana pa kupumzikia. Fundi alinuna siku mbili tatu, halafu Jumapili moja akaja na mama yake mzazi, akamwonyesha kila kitu kama vile wazo lilikuwa lake. Nyumba ya mama huyo ndiyo kazi yangu inayofuata.

Mengine utayaona mwenyewe ukija. Vizingiti vyote vimeng'olewa. Choo ni cha kukaa, kimeinuliwa, na mlango wake unafungukia nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Meza ya jikoni nimeishusha, magoti yanaingia chini, Mama anakatakata vitunguu amekaa kama mkurugenzi. Swichi za taa ziko pale mkono unapofika, nazo ni nyeusi kwenye ukuta mweupe, kwa sababu macho yake nayo yameanza kuchagua cha kuona.

Asubuhi ya kwanza alipooga peke yake, nilisimama kwenye korido nimetega sikio. Nilisikia maji, nikasikia kigoda kikisogea, kisha kimya. Mara nikasikia mbinja. Mama anapiga mbinja! Ile ya filimbi ya trafiki, unaikumbuka, aliyokuwa akituitia chakula. Akatoka amejipaka poda mpaka shingoni, akanipita kichwa juu. Niliingia jikoni nikalia peke yangu. Dada, tangu apate ile ajali alikuwa anaogeshwa kama mtoto, na sikuwahi kufikiria jambo hilo lilimwuma kiasi gani mpaka niliposikia ile mbinja.

Sasa ndipo ninapofika kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Kazi ilipokaribia kwisha, Mama alisema na kile chumba chetu cha utotoni kitengenezwe. Nilidhani ni chako, uje kupumzika. Akasema si chako, ni cha mgeni, na akaanza kunipa masharti. Pa kushika pote pawe kushoto, maana mkono wa kulia wa huyo mtu umekufa kwa kiharusi. Koki ziwe za kusukuma kwa kiwiko. Kitanda kikae karibu na dirisha. Nilimwuliza ni nani. Akanijibu, "Mtu." Nikadhani ni shangazi. Nikachora, mafundi wakajenga, na siku rangi ilipokauka Mama akanielekeza mtaa, akaniambia niende na gari nikamchukue.

Nilipanda mpaka ghorofa ya pili, nikabisha. Aliyefungua alikuwa mke wa baba.

Ndiyo, Dada. Huyo huyo. Yule aliyeondoka na baba tukiwa wadogo. Najua wewe ulikuwa na umri wa kuelewa. Wewe ndiye uliyelala na Mama kitanda kimoja, unamfuta machozi, wakati mimi nauliza baba atarudi lini. Kwa hiyo sitakwambia usikasirike. Mimi mwenyewe nusura nigeuke nishuke ngazi. Lakini nilichokiona ndani lazima nikwambie. Tangu baba afariki yuko peke yake, mtoto hana. Tangu apatwe na kiharusi hajashuka ngazi zile ila kwa kubebwa kwenda kliniki. Bomba liko chini uani. Majirani wakikumbuka wanampandishia ndoo, wakisahau anakaa hivyo hivyo. Alikuwa amevaa vizuri, amekaa na mfuko wake mdogo miguuni. Aliponiona alisema tu, "Umefanana naye macho." Sikujua amekusudia nani; nikainua mfuko wake.

Majirani wakanisaidia kumshusha mpaka garini. Nilipofika nyumbani nilimfuata Mama jikoni na hasira zangu. Akanieleza kwamba walikutanishwa na kliniki ya mazoezi ya viungo, viti vyao pamoja ukutani, na kwa muda mrefu hawakupeana hata salamu. Siku moja fimbo ya mwenzake ikaanguka katikati yao. Mwenzake akajaribu kuinama, akashindwa. Mama akajaribu, akashindwa. Wakatazamana. "Tukacheka," Mama akasema, "tukacheka mpaka nesi akadhani tumepandwa na wazimu. Wanawake wawili waliogombania mwanamume mzima, na sasa fimbo inatushinda."

Nikamwuliza kama amemsamehe. Dada, nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Kusamehe ni jambo langu na Mungu, msiniharakishe. Mimi nimesema tu kwamba mtu hatakaa na kiu juu ya bomba wakati binti yangu anajua kujenga." Kisha akaongeza kwamba akitaka kumgombeza sasa hahitaji hata nauli.

Na kweli anamgombeza. Wanagombana juu ya redio, juu ya chumvi, juu ya nani kaacha taa inawaka. Kuna siku chumba kizima kinanuna. Lakini juzi asubuhi mke wa baba aliingia bafuni peke yake, mkono wa kushoto umeshika ule mti, akafunga mlango. Tulikaa mezani tunasikiliza maji. Mama alikuwa ameacha kula. Mwenzake alipotoka, nywele zimelowa, akauliza aliyeichora nyumba hii ni nani hasa, maana hajawahi kukaa mahali panapomjua hivi. Mama akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo, akasema, "Ni mwanangu. Na dada yake ndiye aliyemlea."

Dada, nimewahi kupewa cheti jukwaani, watu wakapiga makofi. Hakikufika hata kwenye kifundo cha mguu wa maneno yale. Na ujue nusu yake ni yako. Mama aliitoa mwenyewe, bila kuombwa, mbele ya mtu yule.

Basi sasa umeshajua. Mama hakuombi umpende, wala umwite mama mdogo. Anasema uje tu uone alichokifanya, kwa sababu nyumba ni yake na ameijaza anavyotaka. Ukija utalala na mimi sebuleni, na mgongo wako huo utashukuru hatuna ngazi.

Nisalimie shemeji, wabusu wanangu. Fundi na seremala wanakusalimu ingawa hawakujui, wamekusikia sana. Mama anakusalimu, anasema uache kubeba ndoo. Kuna mwingine naye ameniomba nikusalimie, kisha akasema basi, niache, asije akakuudhi. Salamu zake nimeziandika hivyo hivyo. Zipokee siku utakayoweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda